Alama Kumi na Moja za Jiwe la Vidole
Wasifu wa marehemu Xavier Mushagalusa, 1961–2025

Ndugu, majirani wa Cimpunda, na ninyi mliotoka mbali kwa barabara ambazo kila mtu anajua zilivyo siku hizi, familia inawashukuru. Wasifu huu umeandikwa na Lucie, binti wa kwanza wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Ameuandika jinsi marehemu alivyoagiza, si jinsi familia nzima ilivyopenda. Mahali palipostahili sifa ametia sifa, maana baba alikuwa nazo nyingi. Mahali ambapo marehemu mwenyewe alikataza sifa, hazimo, na asiyependa atamvumilia.

Xavier Mushagalusa alizaliwa Ijumaa tarehe 3 Machi 1961 huko Lwiro, mtoto wa nne kati ya tisa. Baba yake alikata majani kwenye bustani za kituo cha utafiti, mama yake alilima maharagwe na mihogo. Alizaliwa akitanguliza miguu, jambo lililotisha nyumba nzima, na mkunga alipomaliza kumvuta alijifuta jasho akasema huyu alitaka kushuka mwenyewe. Maneno hayo yalimfuata. Tangu alipoweza kusimama hakukaa mahali. Mama yake alikuwa akimtafuta mchana kutwa, na kumbe yuko juu ya kilima cha tatu anaangalia ziwa.

Alisoma shule ya msingi ya misheni, saa nzima kwa miguu kwenda na saa nzima kurudi, halafu akaanza sekondari hapa Bukavu. Alifika mwaka wa tatu. Mwaka 1978 baba yake alifariki, karo ikakosekana, akarudi kijijini. Somo lake lilikuwa jiografia. Aliweza kuchora Ziwa Kivu bila kuangalia kitabu, pamoja na kila ghuba na kila kisiwa. Watu ndio walimshinda: kila mtu aliyemchora alikuwa kijiti chenye kichwa. Baadaye, alipowapeleka wageni mbele ya michoro ya kale, alipenda kusema kwamba waliochora pale alisoma nao darasa moja.

Kazi aliianza mwaka 1983, akibeba makapu ya watu waliokuja kukusanya majani na maua ya milimani. Alijifunza njia zote za upande wa Kalehe, za mifugo na za wawindaji. Alijifunza pia majina ya Kilatini, akayatamka kwa lafudhi ya Kishi mpaka wenyewe wakakubali. Alikuwa mtu wa kuaminika. Hakuwahi kumpoteza mgeni hata mmoja, hakuwahi kumwacha aliyechoka nyuma, na alipokuwa mbele watu walitembea bila hofu, hata miaka ile ambayo hofu ilikuwa na sababu.

Mwezi wa Juni 1986 mwanamke mmoja wa Kitwa, watu wa kwanza wa misitu ile, jina lake maman Eulalie, alimfikisha kwenye Jiwe la Vidole. Wengi wenu hamjalifikia, kwa hiyo inafaa kulieleza. Unaacha gari barabarani, unapita mashamba ya mikwinini, unavua viatu kuvuka kijito, halafu unapanda saa tatu mpaka mianzi inapoanza. Hapo kuna ukuta wa mwamba, upana wake kama nyumba ya vyumba vitatu, na juu yake limechomoza jiwe lingine kama paa, hata mvua ya Aprili haiufikii. Kwenye ukuta huo kulikuwa na miduara, ngazi, mistari na safu za nukta, nyekundu ya udongo wa tofali, zilizochorwa kwa ncha za vidole. Nani alizichora na lini, hakuna aliyejua kwa hakika. Maman Eulalie alisema tu kwamba ni mikono ya wakubwa wake. Mtoto alipozaliwa kwao, alilazwa chini ya ukuta ule na jina lake likatamkwa pale mara ya kwanza. Kabla ya hapo hakuwa na jina.

Maman Eulalie alimwonyesha hayo bila kudai kitu. Alimwambia tu alete watu wenye adabu. Na marehemu alileta watu wenye adabu, miaka thelathini: mapadri, walimu, wanafunzi, Wazungu wa mashirika waliotaka kunyoosha miguu Jumamosi. Kila kundi lilipofika lilimkuta maman Eulalie ameketi palepale, chini kabisa ya ukuta upande wa kushoto, mkeka chini na mgongo umeegemea jiwe. Hakuinuka kumsalimu mtu. Hakuinuka hata kwa picha. Marehemu alikuwa akimtania kuhusu mahali pake mbele ya wageni:

"Maman Eulalie, hii fasi ulinunuaka? Uonyeshe basi document!"

Na yeye, bila kucheka, alijibu neno lilelile kila mara:

"Miye niko fasi yangu. Fanya kazi yako."

Kazi yake aliifanya. Hapa ndipo inabidi kusema habari za bidoni, lile dumu lake la maji.

Mwaka 1988 alipandisha mke na mume waliotoka mbali sana. Walifika wamechoka, wakaangalia ukuta, wakasema hawaoni kitu. Rangi ya kale ni hivyo, inataka macho ya subira, na wao hawakuwa nayo. Marehemu aliona aibu kana kwamba ni nyumba yake iliyodharauliwa. Alikuwa na maji ya kunywa. Aliyamwaga kiganjani akayarusha kwenye jiwe, na pale lilipolowa nyekundu iliruka mbele kama imechorwa asubuhi hiyo. Yule mama mgeni alipiga kelele. Mume wake alipiga picha mpaka filamu ikaisha. Tangu siku hiyo marehemu hakupanda tena bila bidoni ya njano ya lita tano. Hakuna aliyemfundisha wala kumtuma, na yeye mwenyewe alitaka hili lieleweke. Aliwaacha wageni wasimame kwanza mbele ya ukuta mkavu, wakunje uso, wanong'onezane kwamba ni hayo tu. Halafu alifungua bidoni. Alisema hakuna furaha aliyowahi kuiona inayopita ile ya uso wa mtu kwenye dakika hiyo. Kule juu walimwita Papa Bidoni, naye alilipenda jina.

Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na Adolphine Nabintu, aliye hapa mbele yenu. Wiki mbili baada ya harusi alimpandisha mke wake kwenye Jiwe la Vidole, kumwonyesha mahali anapofanyia kazi. Kila aliyewahi kula sikukuu nyumbani kwetu anaijua hadithi hiyo. Bibi arusi alikuwa na viatu vya mjini, jua lilikuwa kali, na saa ya pili ya mlima aliomba maji. Marehemu alikuwa na lita tano mgongoni.

"Hii mayi haiko ya kunywa, chérie. Ni ya jiwe."

Maman Adolphine alikaa chini katikati ya njia akasema basi aoe jiwe. Marehemu alirudi mpaka kijitoni, nusu saa kushuka na nusu saa kupanda, akamletea maji kwenye kofia yake. Tumeicheka hadithi hii miaka thelathini na mitano. Mwaka huu ilipotajwa mezani hakuna aliyecheka, na mtaelewa kwa nini.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Lucie, Guylain na Ornella. Baada ya vita vya 1996 walihamia hapa Cimpunda, kwenye nyumba ambayo mvua imeitishia mara nne na marehemu akaijengea ukuta wa mawe mara nne. Alikuwa baba mpole. Hakumpiga mtoto. Alipokasirika alitoka, akazunguka Kadutu nzima kwa miguu, akarudi na mahindi ya kuchoma kwa kila mmoja. Wageni walipopungua aliuza viatu vya mtumba, na wageni waliporudi alirudi mlimani. Alikuwa akiondoka saa kumi na moja asubuhi huku anaimba wimbo wa kanisani, sauti mbaya kabisa, na majirani walisema hawahitaji saa.

Jumamosi tarehe 11 Juni 2016 alipandisha mwanafunzi wa hapa Bukavu aitwaye Carmel, aliyekuwa akiandika mémoire yake ya kumaliza chuo. Carmel alikuja na picha kubwa za ukuta ule, zilizopigwa mwaka 1987, alizotumiwa na mpigapicha mwenyewe. Marehemu alikuwa ameshafungua bidoni. Carmel akainua picha ya kwanza karibu na jiwe, akahesabu, akageukia ukuta, akahesabu tena. Kwenye picha alama zilikuwa ishirini na saba. Ukutani zilikuwa kumi na nne.

"Tonton Xavier," akauliza, "zingine zilienda wapi?"

Marehemu aliangalia. Mahali zilipokuwa zile kumi na tatu kulikuwa na ukoko mweupe, kama ule unaobaki kwenye sufuria ya maji, na ukoko huo ulikuwa umeteremka kwa michirizi. Michirizi yote ilianzia kimo kimoja, na kimo hicho kilikuwa cha mkono wake mwenyewe akirusha maji. Alimwambia Lucie kwamba hakuhitaji maelezo ya mtu msomi. Alifunga bidoni, akajibu kwamba hajui, akamshusha Carmel salama mpaka barabarani. Alipobaki peke yake alimwaga maji yaliyobaki kando ya njia.

Lau angeishia hapo, angekuwa ameharibu kwa kutojua, na nani asingemwonea huruma? Hakuishia hapo. Carmel alipeleka habari zake kwa kamati ya kulinda jiwe, watu wazima wa kule pamoja na marafiki wachache wa mjini, na mwezi wa Julai kamati ilikaa. Marehemu aliitwa wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeaminiwa kuliko wote. Waliomuuliza hawakumshuku hata kidogo. Walitaka tu msaada wake.

"Papa Xavier, nani alikuwa anaosha hii ukuta?"

Naye akasema:

"Muulize wale wanalalaka pale."

Maneno manne. Alisema yalimtoka kabla hajayafikiri, lakini akaongeza kwamba baada ya kuyafikiri hakuyarudisha. Waliokuwa wakilala pale ni maman Eulalie, binti yake Consolate na watoto wao. Kamati haikuwasikiliza. Ilizungusha waya wenye miba na kutia mlango wa bati na kufuli. Watu wa maman Eulalie wakakatazwa kukanyaga mahali pao, kwa kosa la kuosha michoro ya wakubwa wao wenyewe. Ufunguo alipewa marehemu, kama mtu mwaminifu. Aliuvaa shingoni pamoja na rozari mpaka wiki iliyopita.

Maman Eulalie alikuja mara mbili kusimama nje ya waya, akiwa na mjukuu aliyezaliwa juzi. Mara ya pili marehemu alikuwa ndani na wageni.

"Xavier, ufungue kidogo. Nimuseme tu jina, tutoke."

"Komite ilikatala, maman," alimjibu. "Miye sina nguvu."

Ufunguo ulikuwa kifuani mwake. Kikongwe alikaa chini nje ya waya, akamgeuzia mgongo, akabaki hivyo mpaka wageni walipoondoka. Alifariki tarehe 2 Februari 2019 bila kuingia tena. Marehemu alikwenda kumzika. Alichukua sabuni, chumvi na blanketi, akakaa na wanaume siku mbili, akarudi hajasema kitu. Tangu waya ulipofungwa wamezaliwa kwao watoto saba ambao hawakutajwa chini ya ukuta ule. Consolate amewapa majina ya kuitia tu, ili wajue wanapoitwa kula.

Bidoni hakuibeba tena. Wageni walipouliza rangi imekwenda wapi aliwajibu ni umri. Aliamini kwamba akiacha maji, zilizobaki zitapona. Lakini jiwe lililozoea kulowa liliendelea kubanduka hata likiwa kavu, na kila alipofungua kufuli alihesabu. Mwaka 2018 zilikuwa kumi na tatu. Mwaka 2021, kumi na mbili. Alipopanda mara ya mwisho, Septemba 2024, zilikuwa kumi na moja. Nyumbani tuliona baba ameacha kuimba. Tulidhani ni uzee, tukamnunulia dawa za vitamini.

Ugonjwa wenyewe ulianza Novemba 2023 kwa kuvimba miguu, ile miguu. Alivumilia karibu mwaka mzima, akapanda mlima nayo hivyohivyo, mpaka viatu vilipokataa kuingia ndipo alipokubali kupimwa. Waganga walisema figo zimechoka na kwamba mashine ya kusafisha damu ni ya kuitafuta mbali. Walimpimia maji: glasi moja kwa siku, pamoja na yale ya dawa. Mwezi wa Februari mwaka huu mji ulipoingia mikononi mwa wenye silaha wengine, dawa ziliadimika na safari ya kutafuta mashine ikafa. Maman Adolphine alimgawia glasi yake kwa kijiko. Kuna siku alilia kwa kiu kama mtoto, na sisi tukatoka nje ili asituone tunalia. Kumuona mtu aliyetembea milima yote ile akiomba kijiko kimoja zaidi, na wewe ndiye wa kumnyima, ni jambo ambalo familia hii haitalisahau.

Siku moja mchana, mwezi wa Agosti, Lucie alikuwa akimpimia. Marehemu alizuia mkono wake, akamwambia yote mliyoyasikia, kuanzia mwaka 1988. Halafu akamwagiza:

"Ukiandika wasifu wangu, usinipake mafuta. Useme ni miye niliosha ile jiwe. Useme Eulalie na Consolate walisingiziwa, na aliyewasingizia ni miye. Usome mbele ya watu wote, na komite iwe pale."

Lucie alimwomba aseme mwenyewe, angali hai. Alijibu kwamba ameshindwa miaka tisa na hatadanganya kwamba ataweza wa kumi. Ila alitaka Consolate aitwe, amuone. Barabara ilikuwa inafungwa na kufunguka, simu kule hazishiki, kwa hiyo ujumbe ulipewa mwanamke mmoja anayeuza maharagwe soko la Minova, ili aupitishe kwa wale wanaoshuka na makaa. Wiki saba marehemu aliuliza kila asubuhi, "Consolate alifika?" Mtu aliyepiga pasi shati lake jeupe kwa ajili ya ugeni huo ni maman Adolphine, naye alilipiga pasi mara tatu.

Lazima isemwe pia kwamba familia haikuwa na neno moja. Papa Patrice, mdogo wa marehemu, alisimama kwenye kikao na kusema mbele ya wote:

"Lucie, unataka kumuzika baba yako mara mbili?"

Alisema hivyo kwa upendo, na Lucie hamlaumu. Waliogopa jina la ukoo, na aibu mbele ya parokia. Aliyemaliza neno ni maman Adolphine. Alisema: "Ile siku ya mlima nilikatala kupanda, akarudi kuniletea mayi. Leo yeye ndiye alikaa katikati ya njia. Mumuletee kile aliomba."

Xavier Mushagalusa alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa nane mchana, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Asubuhi alikuwa amepokea sakramenti. Saa saba na nusu aliomba maji, na maman Adolphine, ambaye alijua kwamba saa yake imefika, akamletea glasi nzima bila kuipima. Alikunywa nusu. Iliyobaki aliirudisha mkononi mwa mke wake, akasema, "Hii mubakishe." Kisha akauliza kama Consolate amefika. Tulimwambia yuko njiani. Hatukujua kama ni kweli.

Ameacha mjane wake, Adolphine Nabintu. Ameacha watoto watatu: Lucie, Guylain, ambaye hakuweza kutoka Uvira kuja kumzika baba yake, na Ornella. Ameacha wajukuu watano, mdogo wake Patrice, dada zake wawili, wakwe na marafiki. Ameacha ufunguo mmoja, ambao leo unatoka katika ukoo huu na kurudi kwa wenye mahali. Na ameacha alama kumi na moja kwenye Jiwe la Vidole. Aliagiza zitajwe hapa pamoja na waliobaki, kwa sababu, alisema, ndizo alizoshindwa kuzimaliza.

Mahali hapa huwekwa maneno ya kumuaga marehemu, mnayoyajua nyote. Marehemu alitukataza kuyatamka kabla Consolate hajayatamka, na asipotaka kuyatamka tusimlazimishe. Kwa hiyo mstari wa mwisho wa karatasi tumeuacha wazi.

*

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi zenu, ambazo zilichapwa Jumamosi. Lucie ameyaandika kwa mkono.

Consolate alifika jana Jumapili, baada ya misa ya pili. Ujumbe ulimkuta Ijumaa, na haukusema habari ya kifo, ulisema aje tu. Alitembea siku moja na nusu, akapata pikipiki, pikipiki ikaharibika, akatembea tena. Alipofika kwenye kona ya nyumba akaona maturubai na viti vya plastiki, akaelewa. Hakulia. Alinawa mikono, akaketi na wanawake. Lucie alimwita jikoni akamsomea wasifu huu wote, neno kwa neno, huku papa Patrice amesimama mlangoni. Kwenye yale maneno manne Lucie alishusha karatasi, na Consolate akamwambia aendelee.

Wasifu ulikwisha. Sufuria ya maharagwe ilichemka mpaka ikamwagikia moto, na hakuna aliyeinuka.

"Alisema zilibakia ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja, maman."

"Hapana. Ziko kumi na mbili."

Lucie alidhani mama wa watu amechoka na safari. Akamsomea tena mahali pale: Septemba 2024, kumi na moja.

"Baba yako alihesabu zile alionaka," Consolate akasema. "Kuna moja chini, upande wa kushoto. Hiyo ndiyo ya watoto. Maman yangu hakutaka ata mutu mumoja amwangie hiyo mayi, ndiyo alikuwa anakaa pale, anaegamia. Miaka yote ile. Siku walitufukuza, tulipanga majiwe mbele yake, tukatoka."

Miaka thelathini marehemu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwa kikongwe yule, akimtania kuhusu mahali pake, wageni wakicheka. Maman Eulalie alikuwa ameona maji tangu bidoni ya kwanza. Hakuwa na kamati ya kumsikiliza, alikuwa na mgongo tu.

Lucie alimpa ufunguo. Consolate aliupindua kiganjani, akauangalia pande zote mbili, akaufunga kwenye ncha ya kitenge. Lucie akamuuliza kama atatusemea yale maneno, au mstari ubaki wazi, kwa kuwa yote mawili ni haki yake.

Alisema kwa zile kumi na sita zilizofutika hawezi kuyatamka, hizo si zake peke yake, akiwafikia waliozichora, marehemu atawaomba mwenyewe. Kwa mama yake aliyekaa nje ya waya pia hawezi, si leo. Halafu akatuambia tuandike hivi, na ndivyo tunavyomaliza. Kama mnayo kalamu, sahihisheni kwenye karatasi zenu: si kumi na moja, ni kumi na mbili. Na kwenye mstari ulio wazi andikeni maneno ya Consolate, binti wa Eulalie:

"Ile moja hakuifikia. Juu ya ile moja, apumuzike na amani."